Uzi Uliofichika katika Takataka Zetu

Nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga hapa kwetu Kabambare liko lundo la makapi lililo refu kuliko mtu. Watu wakilitia moto, huungua ndani kwa ndani siku nyingi. Moshi wake hutambaa chini mpaka mahali tunapofundishia wakatekumeni, nasi hufundisha amri za Mungu huku tukikohoa. Kila msomaji wa Maniema analijua lundo kama hilo, maana nchi yetu ni nchi ya mpunga. Ongeza hapo mashina ya migomba yanayokatwa kila wiki, maganda ya mihogo, na mikungu mitupu ya michikichi, utaona ni mzigo mkubwa namna gani tunaoutupa kila mwaka bila kuutazama mara mbili.

Tunaandika habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, tumejifunza kwamba ndani ya takataka hizo kuna kitu cha ajabu. Ya pili, katika kujifunza huko tulikosa, na mtoto wa watu aliumia kwa kosa letu. Tukiandika ile ya kwanza na kuificha ya pili, tutakuwa waongo.

Mwaka 2023, wakati wa likizo kubwa, kijana mmoja wa kigango chetu alirudi nyumbani kutoka Kisangani, anakosoma kemia katika Chuo Kikuu. Jioni alikuja kutuamkia. Alipita karibu na lundo lile, akachota konzi ya makapi, akatufungulia mkono wake na kusema: «Mwalimu, humu umelala uzi ambao, kwa uzito wake, hauogopi kushindanishwa na chuma.» Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. Basi tukampa kiti, naye akatueleza mpaka usiku.

Alisema hivi. Mimea yote, tangu nyasi za kuezekea mpaka mvule wa msituni, imejengwa kwa kitu kimoja kiitwacho selulosi. Mfaransa Anselme Payen ndiye aliyekitenga na kukieleza kwanza, mwaka 1838. Pamba karibu yote ni selulosi: katika sehemu 100, sehemu kama 90. Mbao zina sehemu 40 hadi 50. Makapi ya mpunga yana kama theluthi moja, na pamoja nayo mna silika, yaani kitu kile kile kilichomo katika mchanga. Ndiyo maana makapi hukwaruza mkono na kuacha majivu mengi.

Ili tuelewe, alitupa mfano wa nyumba ya miti na udongo. Fito ndizo selulosi, zinabeba nguvu. Udongo uliokandikwa unaozishika fito ndio lignini. Kamba zinazozifunga ni kitu kingine kiitwacho hemiselulosi. Anayetaka fito peke yake sharti aondoe udongo na kukata kamba bila kuvunja fito zenyewe. Tena kila ufito, ukiutazama vizuri, ni tita la fito nyembamba zaidi, na hizo nazo ni matita, mpaka unafika mahali ambapo hata hadubini ya kawaida haioni.

Hapo ndipo huanza kipimo kiitwacho nanomita. Gawa milimita 1 katika sehemu 1,000,000. Sehemu moja ndiyo nanomita 1. Unywele wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000. Fito za mwisho za selulosi zina unene wa nanomita chache tu, tuseme kati ya 3 na 20. Wataalamu wakifaulu kuzitenga bila kuziharibu, huziita nanoselulosi. Katika maji hufanana na uji mzito ung'aao. Zikikaushwa vizuri hufanya karatasi ngumu unayoweza kuona kitu cha upande wa pili.

Namna ya kuzipata ni hii. Kwanza takataka hukatwa na kuchemshwa katika dawa ya jamii ya magadi, ili lignini na hemiselulosi zitoke. Pili husafishwa mpaka ziwe nyeupe. Tatu, ziko njia mbili. Njia moja ni tindikali ya salfa yenye nguvu sana, sehemu 64 katika 100, kwa moto wa digrii kama 45, kwa muda wa dakika kama 45. Tindikali hula sehemu legevu na kuacha zile zilizoshikamana. Njia nyingine ni kuzipitisha nyuzi mahali pembamba mno kwa nguvu nyingi ya mashine, tena na tena, mpaka zichanuke.

Si uvumbuzi wa jana. Bengt Rånby, mtaalamu wa Uswidi, alionyesha ile njia ya tindikali tangu miaka ya 1949 hadi 1951. Njia ya mashine ilipatikana Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, na watu wa kampuni la Rayonier. Huko Uskoti, mabwana David Hepworth na Eric Whale walianza na karoti, kitu cha sokoni kabisa. Kwa nyuzi zake wakaimarisha fimbo za kuvulia samaki, halafu wakaingia katika kazi ya rangi za nyumba, maana uji huo huizuia rangi isichuruzike. Huko Japani, Akira Isogai na wenzake wa Tokyo walipata njia ya kuzilegeza nyuzi kwanza, ili mashine isile nguvu nyingi. Mwaka 2015 walipewa tuzo ya Marcus Wallenberg kwa kazi hiyo.

Matumizi yanayotafutwa ni mengi: kuimarisha karatasi, kuchuja maji, kufungia vyakula kwa kitu kinachooza badala ya plastiki. Jambo hili la mwisho latugusa hata sisi. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Na yeyote apitaye sokoni kwetu baada ya mvua anaona kwa nini. Lakini kijana yule alituonya: mengi bado yamo katika vyumba vya majaribio, na kazi yenyewe inakula maji, umeme na fedha nyingi.

Ndugu wasomaji, onyo hilo lilitupita sikioni. Sisi tulishika neno moja tu: utajiri umo katika takataka.

Mjue kwamba vijana wetu wengi huacha shule na kwenda kuchimba dhahabu upande wa Namoya na Salamabila. Sisi tulitamani kuwa na neno la kuwazuia. Kijana wa Kisangani alipokwisha kurudi masomoni, tuliwakusanya vijana 7, tukawaambia kwa sauti kubwa kwamba dhahabu iko hapa hapa nyuma ya mashine. Tukasema tutaanza na ile hatua ya kwanza, yaani kuondoa udongo wa nyumba. Tukanunua soda kali kwa mtu apikaye sabuni. Hatukuuliza mizani wala kipimo. Seminarini tulifundishwa Kilatini na falsafa, na kemia kidogo ya ubaoni. Kidogo hicho tulikihesabu kuwa kingi.

Tuliweka soda chini ya sufuria, kisha tukamwambia mmoja amwage maji juu yake. Wapika sabuni wote wanajua kwamba hilo ni kosa: soda ndiyo hutiwa ndani ya maji mengi ya baridi, kidogo kidogo, kamwe maji hayamwagwi juu ya soda. Maji yakatokota mara moja, yakaruka. Mvulana wa miaka 15 alikinga uso kwa mkono wake, na mkono wake ukaungua tangu kiwiko mpaka kiganja. Tukaongeza kosa juu ya kosa: tulikimbia kutafuta mawese ya kumpaka, hali dawa ya kwanza ni maji safi mengi, ya kumiminwa kwa muda mrefu bila kukoma. Hayo tuliambiwa na muuguzi tulipomfikisha kituoni. Macho yake yalipona kwa huruma ya Mungu, si kwa akili yetu.

Jioni mama yake alikuja. Hakupiga kelele. Alisema: «Mwalimu, nilikupa mtoto umfundishe. Sikukupa umpike.» Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna.

Kesho yake tulikwenda kwao pamoja na wazee wawili wa kanisa, tukachukua jogoo na mchele, tukalipa gharama za kituo, tukaomba radhi mbele ya ukoo. Watu wa nyumba ile ni Waislamu. Hapa Kabambare tunaishi nao ukuta kwa ukuta tangu zamani za babu zetu. Baba alitusikiliza, akapokea mkono wetu. Mvulana mwenyewe, mkono umefungwa kitambaa, alisema neno moja tu: «Mwalimu, mlitufundisha nguvu ya uzi, lakini nguvu ya dawa hamkutufundisha.» Tangu siku hiyo neno hilo tunalitafakari kama fumbo la rozari.

Aliyetuokoa na aibu ni bibi yake, mama wa baba yake. Alikuwa ameketi pembeni akichambua sombe. Wanaume walipomaliza maneno yao, aliuliza: «Mlitaka kufanya nini hasa?» Tukamweleza habari ya nyumba, fito na udongo. Akasema: «Kazi ya kulainisha ilifanywa hapa kabla soda haijaletwa. Njooni siku ya Jumamosi, mje na subira.»

Siku ya Jumamosi alitukuta mlangoni pake asubuhi. Alikuwa na maganda ya ndizi yaliyokauka. Akayachoma mpaka yakawa majivu meupe. Majivu akayatia katika chungu kilichotobolewa chini na kutandikwa nyasi, akamimina maji polepole. Chini yakadondoka maji ya rangi ya chai, yenye kuteleza kati ya vidole. Kwa maji hayo mabibi zetu walipika sabuni pamoja na mawese, na kulainisha maharagwe magumu. Baadaye tulimwandikia kijana wa Kisangani, naye akajibu kwamba majivu ya mgomba yana potasi nyingi, na kwamba maji ya bibi ni ndugu mpole wa soda yetu: hufanya kazi ile ile, ila kwa upole zaidi na kwa saa nyingi zaidi. Hata hivyo bibi hakuruhusu mtoto yeyote kuinama juu ya chungu.

Tulijaribu makapi ya mpunga kwanza, kwa sababu ya kiburi cha lundo letu. Yalitushinda. Tulichemsha siku mbili, nayo yakabaki makapi. Ndipo tukachukua shina la mgomba. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, halafu shina lake hukatwa. Nalo karibu lote ni maji, sehemu zaidi ya 90 katika 100. Tulilichana vipande, tukalikamua, tukalianika, tukachemsha nyuzi katika maji ya majivu tangu asubuhi mpaka alasiri. Tukazisafisha katika kijito, mbali na mahali watu wanapochota maji, mpaka maji yakatoka safi. Kisha tukazitwanga kinuni. Akina mama walicheka sana walipomwona katekista ameshika mchi. Lakini walipochoka kucheka walitupokea zamu.

Tulitwanga rundo moja kwa muda mfupi, na la pili kwa muda mrefu. Tukayavuruga katika beseni la maji, tukayainua kwa kiunzi cha mbao kilichowambwa kipande cha chandarua kilichochakaa, tukayakamua chini ya mawe kati ya vitambaa, tukayaanika. Karatasi ya rundo la kwanza ilikatika kama mkate mkavu. Ya rundo la pili tuliivuta wanaume wawili kabla haijachanika. Hapo tukaelewa kwa mikono yetu yale tuliyoyasikia kwa masikio. Mchi huzichanua nyuzi. Zikichanuka hupata mahali pengi pa kushikana. Zikishikana huwa na nguvu. Kule Uganda mafundi wa nguo ya gome la mutuba, ambayo UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa watu wote mwaka 2005, wanalijua jambo hili hili kwa nyundo zao. Wataalamu wa Japani na Marekani wameendelea mbele tu kwa njia hiyo hiyo, wakatwanga kwa mashine mpaka wakaufikia ufito wa mwisho.

Lakini tuseme kweli. Tulichofanya si nanoselulosi. Ni karatasi nzito ya rangi ya udongo. Kati ya kinu cha bibi na chumba cha kemia kuna safari ndefu, wala haipitiki kwa ari peke yake. Inahitaji mizani, maji safi, umeme, tindikali yenye mahali salama pa kutunzwa na pa kumwagwa, na zaidi ya yote watu waliosoma. Anayewaambia wakulima kwamba watatajirika mwakani kwa makapi, anawadanganya kama sisi tulivyowadanganya vijana wale 7.

Tena kuna jambo ambalo wazee wa Maniema wanatukumbusha. Tangu mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilianza kulazimisha kilimo, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kulimishwa pamba. Babu zetu waliilima kwa hofu ya faini na kiboko. Pamba, tumekwisha sema, ni selulosi karibu tupu. Basi selulosi iliyo bora ilikwisha kutoka katika nchi hii kwa magunia, ikarudi kama nguo tuliyoinunua. Aliyekuwa na shamba alipata kidogo. Aliyekuwa na mashine na elimu alipata kingi. Siku takataka zetu zitakapotafutwa na wenye viwanda, nani atatuzuia tusiuze magunia ya mashina kama babu zetu walivyotoa magunia ya pamba? Ni mtoto wa hapa tu, aliyesoma kemia na kujua thamani ya kilichomo.

Angalieni Tanga, katika Tanzania. Mkonge uliletwa huko mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika uzito wa jani la mkonge, nyuzi ni kama sehemu 4 tu katika 100. Zilizobaki zilimwagwa kwa miaka mingi. Halafu kule Hale wakajenga mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kuyatazama mabaki kwa jicho jingine.

Wala si kila kilichoanguka chini ni cha kuokotwa. Shina la mgomba lililolala shambani hurudisha chakula katika udongo. Tukilibeba lote, tutauacha udongo na njaa. Sasa tunachukua shina moja na kuacha mengine mawili, na makapi ya mpunga tunayapeleka katika mabanda ya kuku na bustani za mboga. Lundo nyuma ya mashine bado lipo, lakini limepungua, na mwaka huu halijachomwa.

Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alisikitikia desturi ya kutupa, akaonya kwamba mwenye kuzoea kutupa vitu huishia kuwatupa na watu. Sisi tulikuwa karibu kufanya hivyo: kwa kupenda kuokoa takataka, tulimsahau mtoto aliyesimama karibu na sufuria. Bwana wetu alipokwisha kuwashibisha watu kule nyikani, aliwaagiza wanafunzi wayakusanye mabaki, yakajaa vikapu 12. Lakini angalieni utaratibu: kwanza aliwaketisha watu, akawalisha wote, mabaki yalikuja baadaye.

Katika vijana wale 7, wawili wamekwenda kwenye dhahabu. Hatukuwa na la kuwazuia, maana karatasi yetu haijamlipia mtu karo. Mvulana aliyeungua amerudi shuleni na amechagua masomo ya kemia na biolojia. Kovu lake liko wazi. Halifichi, wala sisi hatugeuzi uso. Siku za Jumamosi ndiye mwenye kiunzi, na hamwachi mtu kugusa majivu kabla hajaweka ndoo ya maji safi karibu.

Katika mkesha wa Pasaka wa mwaka 2024 majina ya wakatekumeni wetu 14 yaliandikwa juu ya karatasi ile, iliyopakwa uji mwepesi wa wanga wa mihogo ili wino usitambae. Mengine yamepinda kidogo kwa sababu ya nyuzi. Padri aliyasoma yote bila kukwama. Aliyeikamua karatasi hiyo alikuwa nyumbani kwao, na siku hizo ilikuwa Ramadhani. Asubuhi ya Pasaka tulimpelekea bibi yake sehemu ya mchele wetu, akaiweka mpaka jioni waifungulie saumu.

Wasomaji, mkiwa na mtoto nyumbani anayeuliza maswali juu ya vitu vinavyotupwa, msimnyamazishe. Mpelekeni shule, tena mpelekeni kwa bibi yake. Tumsifu Yesu Kristu.